Nyatiti Mbele ya Watahini

Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kushusha bendera ya Mwingereza, watu watano walikabidhiwa kazi ya kutafuta Wimbo wa Taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoikubali haikutoka kanisani wala kwenye gwaride. Ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, kwa akina mama wanaobembeleza watoto. Wimbo wa kulaza mtoto ukapangwa upya, ukapigwa na bendi, na taifa zima likasimama wima kuuimba.

Darasani, wimbo wa namna hiyo ulikuwa bado mgeni. Muziki wa shule ulikuwa solfa, ile do-re-mi iliyoenezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen na kuletwa na wamisionari, pamoja na mashindano ya kwaya yaliyoanza Kenya mwaka 1927. Aliyetaka cheti cha muziki kinachotambulika alijiandaa kwa mitihani iliyotungwa London, na mitihani hiyo ilimpima kwa piano, fidla na nota za mistari mitano. Fundi wa ngoma anayeheshimiwa tarafa nzima hakuwa na pa kujiandikisha.

Omondi, mmoja wa wale watano, ndiye aliyekwenda kuubisha mlango huo kwa ala ya kwao. Mwaka 1980 alipata shahada ya uzamivu SOAS, Chuo Kikuu cha London, kwa tasnifu kuhusu thum, yaani muziki wa kinubi cha Wajaluo ambacho wengi wanakijua kwa jina la nyatiti.

Anayetaka kuelewa ugumu wa kazi hiyo amtazame mpigaji. Ameketi kwenye kigoda kifupi, nyatiti imelazwa ubavuni pake, nyuzi nane ziko mbele ya vidole. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, anagonga nayo ukingo wa ala. Mguuni kuna njuga. Juu ya hayo yote anaimba, anamsifu aliyemwalika, anamtania aliyechelewa. Mtu mmoja, kazi nne, kila moja na mwendo wake. Kuyapanga hayo kwenye karatasi ili mtahini wa London ayasome ni kibarua hasa, na si ajabu kwamba miaka mingi watu walikikwepa.

Mbona basi London, wakati wapigaji walikuwa Nyanza? Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini lina jibu la kawaida kabisa: wasimamizi walikuwa kule, maktaba zilikuwa kule, na hata sauti zenyewe zilikuwa zimehamia kule. Klaus Wachsmann, aliyesimamia Jumba la Makumbusho la Uganda, alirekodi muziki wa nchi hiyo miaka ya 1940 na 1950, na rekodi zake zikahifadhiwa London. Nakala zilirudi Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, miongo kadhaa baadaye.

Udaktari wa Omondi haukubaki kabatini. Mwaka 1982 Rais Moi aliunda tume ya kitaifa ya muziki akamweka Omondi mwenyekiti. Ripoti ilitoka 1984. Mwaka uliofuata mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, na muziki ukaingia katika mtihani wa darasa la nane ukiwa pamoja na sanaa na ufundi. Ghafla kila shule ya msingi ilihitaji mwalimu wa muziki. Wengi waliopangiwa kipindi hicho hawakuwahi kufunzwa wenyewe.

Hapo ndipo Emily Akuno anapoingia. Tasnifu yake, aliyoikamilisha Chuo Kikuu cha Kingston, Uingereza, mwaka 1997, ilichukua nyimbo za watoto wa Kenya, zile za kuruka kamba na kuzunguka duara, na kuuliza zitajengaje mtaala wa shule ya msingi. Omondi alikuwa amechunguza fundi. Akuno alimchunguza mtoto. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hatua hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, kwa kuwa mchezo wa uwanjani ni rahisi sana kudharauliwa na wasomi. Kuanzia 2020 hadi 2022 Akuno aliongoza chama cha kimataifa cha elimu ya muziki, ISME, kilichoasisiwa Brussels mwaka 1953.

Uganda imetoa mfano wa hivi karibuni zaidi. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu za Wasoga, kila moja ikitoa sauti moja tu, hivyo wimbo hupatikana kwa wapigaji kupokezana. UNESCO ilipoziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mwaka 2012, walikuwa wamebaki mabingwa wanne tu, wote wazee. James Isabirye, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alishiriki kuwakutanisha wazee na vijana, kisha akaiandikia kazi hiyo tasnifu ya elimu ya muziki katika Chuo Kikuu cha Oakland, Michigan, mwaka 2019. Alichokitetea mbele ya watahini ni namna wazee hao wanavyofundisha.

Siku hizi safari ya ng'ambo si lazima tena. Vyuo Vikuu vya Kenyatta na Makerere hutoa udaktari wa muziki. Lakini shuleni mambo yameenda kombo. Muziki uliondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na katika mtaala mpya wa Kenya, sekondari ya chini, umeunganishwa na sanaa na michezo kuwa somo moja.