Jumba la Muziki la Belle Skinner
Chuo cha Vassar, Poughkeepsie, New York

Jengo hili la mwaka 1931 ni zawadi ya William Skinner kwa kumbukumbu ya dada yake, Belle, aliyehitimu Vassar mwaka 1887 na kufariki mwaka 1928.

Baba yao, mhamiaji kutoka London, alikuwa mtengenezaji wa hariri. Mwaka 1874 bwawa la Mto Mill, Massachusetts, lilipasuka. Watu 139 walikufa na kiwanda chake kikasombwa. Alianza upya mjini Holyoke. Fedha za zawadi hii zina asili yake katika hariri hiyo.

Belle alikusanya ala kongwe za muziki. Usizitafute humu: ziko Chuo Kikuu cha Yale. Lakini kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni yetu, haikuwa ya muziki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alitoa mali yake kukijenga upya Hattonchâtel, kijiji cha Ufaransa kilichobomolewa vitani, pamoja na shule na maji ya bomba. Ufaransa ilimtunuku nishani ya Légion d'honneur.

Muziki bado unafundishwa humu. Tafadhali punguza sauti unapopita kwenye vyumba vya mazoezi.