Miguu ya Wazee Wetu na Sinia Zetu



Kamati ya mkutano wetu imenitaka niandike kidogo juu ya historia ya ukoo. Najua wengi mnatarajia nasaba, majahazi na hati za mashamba. Hayo ami yetu amekwisha kuyaandika katika vijitabu vilivyotangulia, tena kwa ufasaha nisioweza kuufikia. Mimi nimeomba ruhusa niandike historia ambayo haimo katika hati yoyote, nayo ni ya jinsi tulivyokula na tulivyotembea.

Sababu yangu ni picha ya mkutano uliopita. Tulipopangwa, safu ya mbele ilikuwa ya watu wa rika langu, wenye miaka hamsini na kitu hadi sitini na kitu, na wote walikuwa wamekaa vitini. Hawakukalishwa kwa heshima ya umri. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kukatwa mguu kwa maradhi ya sukari, wawili magoti yao yalikuwa hayawabebi tena, na mmoja alikuwa akitazama saa kwa kuwa alingojewa hospitali asafishwe damu. Nyuma yao alisimama, kwa miguu yake mwenyewe, shangazi yetu aliyepindukia miaka themanini. Picha hiyo ninayo ukutani, na kila ninapoitazama najiuliza imekuwaje mwana akakaa na mama akasimama.

Barazani kwetu majibu ni mawili. Wa kwanza husema sukari ni maradhi ya damu yetu, tumeandikiwa. Wa pili husema wazee walikula vyakula vya asili, na sisi tunakula vya makopo. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi.

Bibi yetu mzaa baba aliishi Pemba, upande wa Wete. Anayedai kwamba wazee walikula bila mafuta wala utamu hakupata kumwona Bibi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Asubuhi muhogo wa kuchemsha au majimbi, mchana wali ukiwapo, na usipokuwapo ndizi, kwa mchuzi wa samaki uliotiwa tui zito. Na chai yake ilikuwa tamu hata kijiko kikisimama. Ila nyama ilikuwa ya sikukuu, na pilau, boko boko na halua vilikuwa na siku zake zinazojulikana. Kisha alikuwa hatulii. Maji yalitoka kisimani. Shamba lilikuwa mbali na nyumba. Ukifika msimu wa karafuu, mchana ni kuchuma, usiku ni kuchambua karafuu na makonyo hadi vidole vinageuka rangi, na kesho yake ni kuanika juu ya majamvi na kuyakunja mbio kila wingu likitanda. Hakuna aliyeiita kazi hiyo mazoezi. Lau ungemwambia Bibi kwamba siku moja wajukuu zake watalipa fedha ili watembee juu ya mashine isiyokwenda popote, angekusomea dua.

Marehemu baba naye alikuwa karani katika ghala la karafuu huko Malindi, na nyumba yetu ilikuwa Mwembetanga. Alikwenda kwa miguu asubuhi, akarudi kula mchana, akaenda tena, akarudi jioni. Kila safari ilimchukua yapata dakika 20, na misikiti njiani sikuihesabu.

Hata hivyo, tusiwatukuze wazee kupita kiasi. Zama zile hapakuwa na mtu aliyempima mwenzake damu, na wengi walikufa kwa homa, kwa kifua kikuu na kwa uzazi kabla ya kuufikia umri ambao sukari na presha hujionesha. Na zaidi ya hayo yupo Babu. Babu yetu alikuwa mwenye mashamba. Alikwenda kuyakagua juu ya punda, na kila alasiri alikaa barazani kwa kahawa chungu na sahani ya halua. Alikufa kabla mimi sijazaliwa. Niliyosimuliwa ni kwamba mwisho wake alikuwa na kiu isiyokatika, akikojoa usiku kucha, na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Walisema amerogwa. Leo mwanafunzi yeyote wa uuguzi angelitaja jina la maradhi hayo kabla hadithi haijamalizika. Kwa hiyo wanaosema damu hawasemi uongo. Lakini shangazi anayesimama katika picha ni binti wa Babu huyo huyo, ana damu ile ile, ila alilelewa na kazi za Bibi wala hakupandishwa punda.

Sasa nije kwenye sinia, maana hapo pana historia tusiyoizungumza. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, mchele mwingi ulioliwa Unguja na Pemba ulikuwa ukija kwa meli kutoka Burma. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele ule ukakatika. Mama yetu alikuwa mtoto, na hadi uzeeni alieleza jinsi muhogo ulivyoliwa asubuhi, mchana na usiku, na jinsi sahani ya wali ilivyokuwa kitu cha kuotwa. Miaka thelathini baadaye, baada ya Mapinduzi ya 1964 na kutawanyika kwetu kwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaja shida ya pili. Mchele, unga na sukari vikawa vya mgao. Foleni hizo sikusimuliwa, nilizisimama mimi mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na mitatu, na kikapu mkononi tangu alfajiri, na mara nyengine nikarudi na kikapu kile kile.

Mama hakuisahau hata moja ya shida hizo mbili. Tulipofika Maskati na mchele ukawa wa magunia, alipika kama mtu anayelipiza kisasi. Mgeni aliyeacha wali katika sahani alionekana amemtukana mwenye nyumba. Mtoto mnene alisifiwa kwamba ana afya. Sukari ilitiwa ndani ya birika jikoni, ili asitokee wa kuikosa. Nasi tukaurithi ukarimu huo bila ya kuijua asili yake, hata leo katika nyumba zetu chakula cha sikukuu kinaliwa Ijumaa, na cha Ijumaa kinaliwa Jumanne. Sinia iliyojaa pomoni ni mtoto wa foleni, wala simlaumu Mama hata kidogo.

Wakati sinia zilipokuwa zikijaa, miguu nayo ilikuwa ikistaafu. Sultani Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, barabara ya lami katika Oman nzima haikuzidi kilomita kumi hivi. Tuliofika katikati ya miaka hiyo tuliona nchi ikijengwa mbele ya macho yetu: barabara, shule, hospitali, na magari. Ilikuwa neema kubwa, na ukoo wetu ulipata kazi na heshima ndani yake. Lakini jua la Maskati wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, nyumba zina viyoyozi, na gari limo mlangoni. Mimi niliyekwenda kwa miguu kutoka Mwembetanga hadi Forodhani nilianza kwenda msikitini kwa gari, na msikiti wenyewe adhana yake naisikia bila ya kipaza sauti. Utafiti uliofanywa nchini Oman ulionesha kwamba baina ya watu wa miaka 30 hadi 64, wenye sukari walikuwa kiasi cha 12 katika kila mia mwaka 1991, na mwaka 2000 wakafika kiasi cha 16. Haikuwa sisi peke yetu, basi.

Mlioko Uingereza msifikiri baridi imekukingeni. Mjomba wetu alifika London mwaka 1966 akapata kazi ya ukondakta katika mabasi ya ghorofa. Kutwa alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, na picha zake za siku hizo zinamwonesha mwembamba kama mlingoti. Baadaye, mabasi yalipoanza kwenda bila kondakta, alihamia kwenye usukani. Hakubadilisha chakula chake, lakini kabla ya miaka kumi kupita, moyo ulimlaza hospitali. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walikuwa wamechapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa usafiri wa mji huo huo, wanaume wa miaka 35 hadi 64. Walikuta kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, hayakuwa makali vile. Kwa insafu niongeze kwamba Morris mwenyewe baadaye alitazama vipimo vya sare zao, akaona madereva walikuwa na viuno vipana tangu ujanani. Kwa hiyo ngazi si sababu pekee. Mjomba, nilipomsomea habari hiyo, alisema suruali zake zote mbili anazo bado, ya ukondakta na ya udereva, na kama kuna mwenye shaka aje azipime.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002. Watu zaidi ya elfu tatu waliokuwa ukingoni mwa maradhi ya sukari waligawanywa mafungu. Fungu moja lilifundishwa kupunguza chakula na uzito, na kwenda mwendo wa haraka kwa dakika 150 kwa wiki. Katika fungu hilo, walioingia katika maradhi walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, na waliotimiza miaka sitini walinufaika kuliko wote. Niliposoma nilichukua kalamu nikampigia baba hesabu. Safari nne kwa siku, dakika 20 kila moja, ni dakika 80. Marehemu alikuwa akiitimiza wiki nzima ya Wamarekani kabla ya jua la siku ya pili kuchwa, akiwa amevaa kanzu na makubadhi.

Mimi niligunduliwa mwaka 2012, nikiwa na miaka 54. Sikupona, na vidonge nameza hadi leo. Nilianza kutembea baada ya sala ya Alfajiri kwenye ufukwe wa Qurum, kwanza kwa dakika kumi na kuona haya, kisha kwa nusu saa. Wali nimeupunguza nusu, samaki namla wa kuchoma, mchicha nimerudiana nao. Lililonishinda kwa muda mrefu ni chai. Ulimi ulichukua miezi mitatu kuikubali bila sukari, na mke wangu ni shahidi wa hasira zangu katika miezi hiyo. Kaka alinicheka sana. Mwaka uliofuata alinipigia simu usiku, akaniuliza viatu vya kutembelea vinauzwa wapi, na mimi nikasahau kumjibu kwa wiki mbili. Alipokatwa mguu nilizikumbuka wiki hizo, na bado nazikumbuka, ingawa daktari alinieleza kwamba mishipa yake ilikuwa imeharibika zamani.

Kwa mkutano huu nimewaomba wapishi wa kamati mambo mawili, nao wamekubali baada ya mjadala. Pilau itapikwa siku moja tu, siku ya mwisho, kama ilivyokuwa ikipikwa Wete. Na chai itakuja na sukari pembeni. Tutatembea pamoja kila asubuhi baada ya Alfajiri, wenye viti vya magurudumu watasukumwa na vijana, na kaka ndiye atakayekuwa mbele kuamua mwendo. Shangazi amekwisha kuthibitisha kwamba atakuwapo. Ameagiza raba, namba 37, zisizo na kamba.