Mkono Mmoja au Miwili: Uamuzi wa Pete Sampras

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Wakubwa wa mchezo wa tenisi, hata hivyo, waliamini kwa miaka mingi kwamba raketi ni ya mkono mmoja. Waaustralia wawili, Vivian McGrath na John Bromwich, walitwaa ubingwa wa nchi yao kwa mikono miwili, wa kwanza mwaka 1937 na wa pili mwaka 1939 na 1946, lakini hawakupata wafuasi wengi.

Mzozo huo hauhusu mapigo yote. Unahusu lile ambalo mgongo wa kiganja hutangulia, pale mpira unapomjia mchezaji upande wa pili wa mkono anaoutumia. Mkono mmoja hufika mbali, hukata mpira ukatambaa chini, na humrahisishia mtu kuusogelea wavu. Lakini hutaka mpira upigwe mapema, mbele ya mwili, na hupata taabu mpira unaporuka hadi begani. Mkono wa pili huongeza nguvu na uthabiti, na humvumilia aliyechelewa kidogo. Ila hupunguza urefu wa kufikia, na miguu ndiyo hulipa deni hilo.

Mwaka 1974 mambo yaligeuka. Björn Borg wa Uswidi alishinda Paris, Jimmy Connors wa Marekani akashinda Wimbledon, na Chris Evert, Mmarekani mwenzake, akashinda kote kuwili. Wote watatu walitumia mikono miwili. Evert aliianza mikono hiyo utotoni kwa kuwa raketi ilimlemea. Udhaifu wa mtoto ukawa silaha ya bingwa. Tangu hapo watoto wengi wakafuata nyayo zao.

Pete Sampras, aliyezaliwa mwaka 1971 na kukulia California, alikuwa miongoni mwa watoto hao. Alikaa nyuma ya uwanja, akarudisha mipira kwa subira, na mikono yake miwili ilimpa ushindi mwingi dhidi ya wenzake. Mshauri wake, Pete Fischer, alikuwa daktari wa watoto. Fischer alimwonyesha filamu za Rod Laver, Mwaustralia aliyetwaa mataji yote manne makubwa katika mwaka mmoja, mara mbili, 1962 na 1969. Shabaha aliyomwekea kijana ilikuwa Wimbledon, ambako mpira hudunda chini na upesi juu ya nyasi. Sampras alipofika umri wa miaka 14, Fischer akamshauri auondoe mkono wa pili.

Ushauri huo ulikuwa mgumu kuliko unavyosikika. Kijana alitakiwa kuvunja kilichosimama ili ajenge ambacho hakuna aliyekuwa na hakika nacho. Alianza kushindwa na vijana aliokuwa akiwashinda, katika umri ambao kushindwa huuma zaidi na miaka ijayo haionekani. Aliyetoa ushauri hakuingia uwanjani. Aliyeshindwa mbele ya watu alikuwa mtoto.

Malipo yalikuja. Mwaka 1990, akiwa na umri wa miaka 19, Sampras alimshinda Andre Agassi katika fainali ya New York, akawa bingwa wa wanaume mwenye umri mdogo kuliko wote katika mashindano hayo. Wimbledon aliishinda mara 7 kati ya 1993 na 2000. Taji lake la 14 na la mwisho miongoni mwa yale makubwa alilipata New York mwaka 2002, tena dhidi ya Agassi.

Lakini Paris ilimkataa. Juu ya udongo mwekundu mpira hupunguza kasi na kupanda, ukamfuata pale pale mkono wake ulipokuwa dhaifu. Alifika nusu fainali mara moja tu, mwaka 1996, akatolewa na Yevgeny Kafelnikov. Agassi, aliyebaki na mikono miwili, alishinda Paris mwaka 1999 na kukamilisha mataji yote manne. Si kwamba mkono mmoja hauwezi udongo: Gustavo Kuerten wa Brazil alitawazwa huko mara 3, na Justine Henin wa Ubelgiji mara 4. Ila mkono wa Sampras ulifinyangwa kwa ajili ya nyasi.

Februari 2024, kwa mara ya kwanza tangu orodha ya ubora ya wanaume ianzishwe mwaka 1973, kumi bora hawakuwa na hata mmoja wa mkono mmoja. Baadhi yao walirejea baadaye, lakini dalili ilikwisha kuonekana. Wanaoomboleza huzungumzia uzuri wa pigo lile. Huenda kinachopotea ni kingine: nafasi ya mtoto anayeshinda leo kuruhusiwa kushindwa kwa muda kwa ajili ya kesho. Asiyekubali kushindwa si mshindani.