Historia: Msalaba wa shaba, pesa ama chuma chakavu?

LIKASI – Mtu anayepitisha ditekta, ile mashine ya kugundua metali chini ya udongo, katika kiwanja cha Likasi atasikia mlio karibu kila hatua. Mji huu umeishi kwa shaba zaidi ya miaka mia moja, na udongo wake umejaa vipande vya nyaya, misumari, vifuniko vya chupa na mabaki ya viwanda. Katikati ya takataka hizo pesa ya zamani inaweza kuwepo. Je, inatambuliwaje?

Mashine inasaidia, lakini kwa kiasi. Koili yake inatuma nguvu ya sumaku ardhini. Ikikutana na metali, mkondo mdogo wa umeme unazaliwa ndani ya metali hiyo na kurudisha ishara. Shaba, ambayo inapitisha umeme vizuri, kwa kawaida inatoa namba ya juu, na msumari wa chuma namba ya chini. Aluminiamu nyembamba inaangukia katikati.

Hapo ndipo makosa yanapoanza. Sengi 10 na likuta 1 za mwaka 1967 zilikuwa za aluminiamu, na zinaweza kulia kama kipande cha kopo la kinywaji. Mtu akiamuru mashine inyamazie makopo yote, amenyamazisha pia makuta, neno ambalo watu wa Katanga wanalitumia mpaka leo kusema pesa. Centime za zamani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1887 zikiwa na tundu katikati, nazo zinafanana na rondeli ya bolti zikishika kutu.

Kuna pia maganda ya risasi. Septemba 1961, wakati mji ukiitwa bado Jadotville, wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapa na kupigana kwa siku kadhaa na majeshi ya Katanga. Ganda la risasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, sawa na ile franka 2 ya mwaka 1943 yenye pembe sita na picha ya tembo. Masikioni mwa mashine vitu hivyo viwili ni ndugu. Na risasi ambayo haijalipuka haiguswi: inaachwa hapo hapo na wenye mamlaka wanaitwa.

Lakini fumbo kubwa ni pesa ya kale kuliko hizo zote: croisette, msalaba wa shaba. Wahenga wa Katanga waliyeyusha jiwe la kijani la malakiti kwa makaa na mivuo, kisha wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Kwa ditekta, msalaba huo ni kipande cha shaba tu. Kwa mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu, ni uzito tu.

Basi wanahistoria walijuaje kwamba ilikuwa pesa? Jibu lilitoka Sanga, kando ya ziwa Kisale. Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale huko mwaka 1957, na Pierre de Maret akaendeleza kazi katika miaka ya 1970. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ilikuwa michache na mikubwa, mara nyingine imelazwa kifuani mwa marehemu. Katika yale yaliyofuata ilikuwa midogo, mingi na yenye vipimo vinavyokaribiana, imewekwa karibu na mikono na kiuno. Kitu cha heshima kinaweza kuwa na ukubwa wowote; kitu cha kuhesabiwa sokoni lazima kifanane na mwenzake.

Ushahidi huo haukuwa ndani ya shaba yenyewe. Ulikuwa katika idadi, vipimo na mahali pa kila kipande. Kama mtu angetangulia na kuitoa misalaba ile usiku mmoja, ingebaki kilo kadhaa za shaba bila habari yoyote.

Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, msalaba huu uliwekwa kwenye bendera, na mwaka 1961 ukapigwa kwenye franka 1 na franka 5. Pesa ya wahenga ikawa picha juu ya pesa mpya. Leo franka hizo nazo ziko katika udongo uleule.

Anayekutana na kitu cha namna hiyo akilima ama akichimba msingi wa nyumba asikisugue wala kukikata kuona ndani. Apige picha kikiwa bado mahali pake, aandike kina na vitu vilivyo karibu, kisha aarifu viongozi wa mtaa ama makumbusho ya Lubumbashi. Sheria ya mwaka 1971 inalinda mali za utamaduni za nchi. Croisette iliyouzwa kwa kilo inaishia tanuruni, na huko inageuka waya kama waya nyingine.