Roboti muuaji alivyofika Gitothua

Ubao mweusi uliegemezwa kwenye nguzo ya stima, na mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa chaki: LEO SAA NANE, KOMANDO. SAA KUMI, TERMINATA. KIINGILIO 10/=. Kibanda chenyewe kilikuwa cha mabati, hapa Gitothua, upande wa Ruiru, enzi ambazo barabara ya Thika haijapanuliwa na upepo wa alasiri ulikuja na vumbi la machimbo ya mawe. Nyufa zote zilizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Tulikalia mbao za ujenzi zilizokuwa bado na saruji iliyokauka, ikitukwaruza mapaja. Runinga ya inchi 21 ilifungiwa ndani ya kizimba cha vyuma vilivyochomelewa, mwizi asije akaondoka nayo usiku.

Spika ilikuwa nje. Ilitundikwa juu ya mlango kuwavuta wateja, na chini yake walisimama wale ambao siku hiyo hawakuwa na shilingi kumi. Walisikiliza filamu nzima wakiwa wima, mikono mifukoni, na ilipokwisha walijua kila kitu: nani amepigwa, nani amekufa, roboti amefika wapi. Walijua kwa sababu ndani ya ile diski kulikuwa na sauti ya Mkenya mwenzao akisimulia kwa Kiswahili. Historia ya filamu za roboti wauaji huanza na waliozitengeneza. Mimi nimezoea kuitazama kutoka chini ya ile spika.

Neno lenyewe, roboti, lilizaliwa jukwaani. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki Karel Čapek alichapisha tamthilia iitwayo R.U.R., iliyoigizwa Prague mwaka uliofuata. Ndani yake kiwanda kinaunda watumwa wa kutengenezwa, nao mwishowe wanawageuka mabwana zao na kuwaua. Jina alipewa na kaka yake, mchoraji Josef, kutokana na neno la Kicheki robota, yaani kazi ya shokoa. Kila nikilitafakari neno hilo nakumbuka kwamba miaka hiyohiyo, huku kwetu, serikali ya kikoloni ilikuwa ikianza kuwavisha wanaume Waafrika kipande, yaani kitambulisho cha lazima, shingoni ili wasitoroke kazini kwa walowezi. Mzee aliyechuma kahawa katika mashamba ya Ruiru akiwa na kibati kinachoning'inia kifuani asingehitaji kufafanuliwa maana ya roboti.

Sinema ililichukua wazo hilo mapema, lakini roboti aliyekuja kutuvamia sisi, yule wa bei rahisi, ana wazazi wa karibu zaidi. Mmoja ni Westworld ya mwaka 1973, iliyoandikwa na kuongozwa na Michael Crichton, daktari kwa masomo na mtunzi wa riwaya. Iligharimu kama dola milioni 1.25, pesa kidogo kwa studio ya Hollywood. Muuaji wake ni Yul Brynner aliyevaa nguo nyeusi za mchunga ng'ombe, anatembea polepole, haongei sana, hachoki. Humo mna siri ambayo wote waliofuata waliiiga: ukisema mashine yako ina ngozi ya binadamu, huhitaji kuijenga mashine. Mwajiri mwigizaji mwenye uso mgumu, mwambie asipepese macho, na roboti unaye.

Mzazi wa pili ni runinga. Stesheni ya ABC ya Marekani ilikuwa na zoea la kurusha filamu mpya kila wiki, iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga peke yake. Ondoa matangazo ya biashara katika dakika tisini, unabaki na filamu ya dakika sabini na kitu. Pesa zilikuwa haba na siku za kupiga picha zikihesabiwa kwa vidole. Novemba 1971 kijana Steven Spielberg alionyesha humo Duel, ambayo dereva mmoja anafukuzwa na lori na uso wa anayeliendesha hauonekani. Alikuwa ameipiga kwa takriban wiki mbili. Februari 1974 ikaja Killdozer, iliyotokana na hadithi ya Theodore Sturgeon ya mwaka 1944: kimondo kinaanguka kisiwani, tingatinga linaingiwa na roho ya ajabu na kuanza kuwaua wafanyakazi wa ujenzi mmoja baada ya mwingine. Wahakiki wengi waliicheka. Sioni sababu. Mtu aliyekulia karibu na machimbo, aliyewahi kusikia tingatinga likinguruma nyuma ya ukuta wa vumbi bila kuona limefikia wapi, anajua kwamba hofu hiyo si ya kubuni.

Halafu akaja James Cameron. Mwaka 1981 alikuwa Rome akishughulikia filamu ya samaki wauaji, akashikwa na homa, akaota kiunzi cha chuma kikijikokota kutoka motoni. Ndoto hiyo ikawa The Terminator, iliyotoka Oktoba 1984 kwa gharama ya dola milioni 6.4 hivi. Leo tunaikumbuka kama filamu kubwa, lakini ilitengenezwa kwa kubana matumizi kila kona. Kiunzi cha chuma alichokiunda Stan Winston na mafundi wake hakikuweza kutembea. Katika picha za karibu kilikuwa nusu mwili tu, kikibebwa na mtu aliyejificha chini ya fremu. Mwili mzima ulipohitajika, walitumia kisanamu kidogo kilichosogezwa na kupigwa picha moja moja. Ndiyo maana hatua zake zinakwamakwama. Cameron akaufanya umaskini huo kuwa hadithi: roboti ameumia mguu, anachechemea. Kwenye runinga yetu ya inchi 21 tuliona kule kuchechemea na tukaogopa zaidi, kwa sababu adui anayechechemea na bado anakuja ni mbaya kuliko anayekimbia.

Filamu hiyo ilipoingiza zaidi ya dola milioni 70, kila mwenye kamera alitaka roboti wake. Italia ilitoa wa kwake, Indonesia ikaiga kwa muuaji wa kike mwaka 1989. Mwaka huohuo kampuni ya Cannon, iliyokuwa ikizama katika madeni, ilichukua majukwaa na mavazi yaliyoandaliwa kwa filamu nyingine zilizovunjika na kutengenezea Cyborg, na Jean-Claude Van Damme akapata umaarufu ambao hapa Kiambu haujafifia hadi leo. Mwaka 1993 roboti muuaji alikanyaga bara letu, maana Cyborg Cop ilipigwa Afrika Kusini, ambako watengenezaji wa filamu za makonde walikuwa wamegundua kwamba jua ni la bure na mafundi wanalipwa kidogo. Baadaye stesheni ya Sci-Fi, iliyoanza kurusha matangazo Septemba 1992, ikawa soko la kudumu la filamu za aina hii. Kampuni ya The Asylum nayo ilifanya biashara ya kufanana majina, ikatoa Transmorphers mwaka 2007 na The Terminators mwaka 2009, zote zikiwa zimetegeshwa kando ya filamu kubwa ili mnunuzi akosee. Nyingi kati ya hizi za mwisho ni mbovu, nami sitazitetea. Lakini kwenye kibanda hakuna aliyeuliza studio. Tuliuliza swali moja: akta anakufa au hafi?

Zilifikaje? Kwa njia ya panya, ukweli usemwe. Kanda za VHS zilinakiliwa juu ya nakala mpaka nyuso zikawa na mvua ya chenga. Zikafuata diski kutoka Asia, ambamo filamu nane au zaidi zilibanwa pamoja chini ya picha ya mwigizaji mmoja, na River Road jijini Nairobi ndiko wenye vibanda walikojaza mifuko yao. Waliozitengeneza hawakuona hata senti ya shilingi zetu kumi. Hilo lilikuwa kosa, na kulisema hakulifuti deni langu kwa kile kibanda.

Sauti ile ya Kiswahili ndiyo hasa inayonigusa. Kumwekea mtazamaji msimuliaji kando ya picha si jambo lililoanza jana. Japani ya filamu bubu ilikuwa na mabingwa wake waitwao benshi, na wengine wakipendwa kuliko waigizaji wenyewe. Hapa Afrika Mashariki, kati ya 1935 na 1937, mradi wa kikoloni ulioongozwa na Meja Notcutt kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Tanga, ulitengeneza filamu 35 za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, zikazungushwa kwa lori katika makoloni ya eneo hili zikiwa na maelezo kwa lugha za wenyeji. Lengo lilikuwa kuwaambia watu wafanye nini. Vizazi viwili baadaye watu waliichukua kazi hiyohiyo ya kusema juu ya picha wakaifanya yao, na hakuna wizara iliyowatuma. Kampala wakaitwa mavijei, akina VJ Jingo. Dar es Salaam alikuwapo Derek Mukandala, aliyefahamika kama Lufufu. Kenya ikampata DJ Afro, ambaye mashabiki wake anawaita Amigos, na wengine wakafuata nyayo zake.

DJ Afro hatafsiri, anasimulia. Mhusika anaitwa kwa jina la mwigizaji, kwa hiyo Arnold, yule roboti wa Terminata, ni Arnold katika kila filamu, hata akifa katika hii atafufuka katika ile ya saa kumi. Mambo ambayo filamu imeyaacha yeye anayajaza, na lililochukua dakika tano za Kiingereza analimaliza kwa sentensi moja ya Kiswahili cha mtaani. Hapo ndipo ninapoona kwa nini filamu za roboti zilikaa vizuri hivyo katika vibanda vyetu. Msimuliaji anahitaji nafasi. Filamu yenye mazungumzo mengi inamsonga, kila akifungua kinywa anamkata mtu. Roboti muuaji hasemi. Anatembea, anatazama, anapiga risasi, anatembea tena. Mtengenezaji aliyekosa pesa za kuandikiwa mazungumzo mazuri alikuwa, bila kujua, anamwachia mtu wa Kenya dakika nzima za ukimya. Msimuliaji akaingia humo na mzaha, na onyo kwa wapita njia, na huruma kwa mlinzi maskini anayekaribia kuuawa. Roboti wa Hollywood hakuwa na roho. Wa kibandani alikuwa na kiburi na hasira, na mara nyingine alionekana kuchoka kama mtu anayetoka zamu ya usiku.

Kutoka kusimulia hadi kutengeneza ni hatua moja, na Uganda ndiyo iliyoipiga kwa kishindo. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali, alianzisha Ramon Film Productions. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex? kwa gharama ambayo yeye mwenyewe ameitaja kuwa chini ya dola 200. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu na fundi wake Dauda Bisaso, helikopta zikachorwa kwenye kompyuta aliyoiunganisha Nabwana mwenyewe, na VJ Emmie akasimulia juu yake kana kwamba ni filamu ya kigeni. Nakala asilia ilipotea kwa sababu Nabwana alilazimika kuifuta ili apate nafasi ya kuhariri filamu nyingine. Hamna roboti ndani yake, lakini damu ni ileile. Hapa Kenya Wanuri Kahiu alikuwa amekwenda njia tofauti kabisa na Pumzi ya mwaka 2009, dakika 21 za dunia isiyo na maji, tulivu na nzuri mno. Naiheshimu sana. Natamani tu ingefika kibandani.

Kibanda chetu hakipo tena. Mwaka 2015 matangazo ya runinga yalihamia dijitali, ving'amuzi vikaingia vyumbani, simu zikashuka bei, na palipokuwa na mbao zetu pakawekwa michezo ya kompyuta kwa vijana wa kulipia dakika kumi kumi. Sauti ya DJ Afro imehamia YouTube. Wiki jana nilisimama kwenye duka la filamu karibu na stendi, nikamwona mama aliyebeba sukuma wiki akimkabidhi kijana flashi. Kijana akamuuliza, “Nikuwekee za aina gani, mathe?” Akajibu bila kufikiri, “Za vita. Lakini ziwe zimesimuliwa.”

Terminata sikuimaliza siku ile. Lori la mafuta lililipuka, Arnold akaungua, tukapiga makofi. Kisha kile kiunzi cha chuma kikainuka kutoka motoni, na stima ikapotea. Giza likawa zito. Kukawa na kelele za kurudishiwa pesa, na mwenye kibanda akaomba, “Ngojeni kidogo, vijana, itarudi,” lakini haikurudi. Ndipo sauti ikasikika kutoka nje, chini ya spika iliyonyamaza. Ilikuwa ya kijana mmoja wa wale wasiokuwa na shilingi kumi, aliyekuwa ameisikiliza filamu hiyo Jumamosi zote zilizotangulia. Aliiga lafudhi ya msimuliaji, akaendelea pale palipokatika. Akamtoa roboti motoni, akamchechemesha hadi kwenye machimbo yetu, akampandisha ngazi za mashine ya kusaga kokoto, na mwanamke aliyekuwa akiwindwa akamngoja mpaka mkono wa chuma ulipomkaribia koo, akabonyeza swichi.

Miaka mingi baadaye niliiona filamu yenyewe hadi mwisho. Ilikuwa kiwandani, na mashine ilikuwa ya kugandamiza vyuma. Nilikaa pale mpaka majina yakaisha kupita, bado nikisubiri kuona kokoto.