Mgonjwa wa Saratani ya Titi Anayetibiwa kwa Mionzi ya Ndani: Twahara, Sala na Kukaa na Watu Wake

  

Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka Unguja na Pemba ni ya akina mama walioondolewa uvimbe wa saratani kwenye titi, kisha wakaandikiwa tiba ya mionzi ya ndani. Mmoja aliacha kusali siku zote tano alizokuwa na mirija kifuani, akidhani kwamba hana twahara, na sasa anauliza afanye nini. Mwengine alirudi nyumbani akakataa kumpakata mjukuu wake, kwa khofu kwamba atamdhuru. Khofu zote mbili zinatokana na kutojua hali ilivyo, na zote mbili zinamuongezea mzigo mtu ambaye tayari anaumwa. Tumeona tuyakusanye majibu mahali pamoja.

Tiba yenyewe ikoje

Hukumu ya jambo hufuata kulijua kwake, kwa hiyo tunaanza na maelezo ya madaktari. Baada ya upasuaji, mirija myembamba, au kipira kidogo chenye mrija, huwekwa pale palipotolewa uvimbe, na ncha zake hubaki nje ya ngozi. Wakati wa tiba mirija huunganishwa na mashine. Mashine husukuma chembe ndogo ya madini yenye mionzi, mara nyingi iridiamu-192, ikapita ndani ya mrija mpaka mahali palipopimwa. Chembe hukaa hapo dakika chache, kisha mashine huirudisha kwenye kasha lake linalozuia mionzi.

Utaratibu mmoja unaojulikana sana ni mara 2 kwa siku kwa siku 5, yaani mara 10, kwa jumla ya grei 34, na baina ya mara moja na nyengine zipite angalau saa 6. Mirija hubaki mwilini siku zote hizo, na hutolewa tiba ikimalizika.

Si kila mgonjwa anafaa kwa tiba hii. Zaidi hupewa wenye uvimbe mdogo uliogunduliwa mapema. Wengi wanaovuka bahari kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwa saratani ya titi hupewa mionzi ya nje, nao hawana mirija. Hao watachukua katika makala haya yanayowahusu.

Je, mgonjwa anawadhuru watu wa nyumbani?

Kwa tiba tuliyoieleza, hapana. Chembe ikisharudi kwenye kasha lake, hakuna mionzi inayobaki mwilini. Nguo zake, jasho lake, mkojo wake na sahani aliyolia havina mionzi. Anaweza kumpakata mjukuu, kula sinia moja na wanawe na kulala karibu na mumewe. Ama tendo la ndoa, amuulize daktari, kwa sababu mirija inaweza kusogea au kidonda kuingia vijidudu.

Ipo aina nyengine ambayo chembe ndogo huachwa mwilini moja kwa moja. Aliyewekewa hizo afuate masharti ya hospitali yake, hasa kuhusu wajawazito na watoto wadogo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka hospitali aulize: “Mionzi inatolewa, au inabaki?” Jibu la swali hilo huondoa khofu nyingi. Na kama ni mjamzito, anadhani ni mjamzito au ananyonyesha, aseme kabla tiba haijaanza; asione haya.

Udhu

Titi si kiungo cha udhu. Mwenye mirija na bendeji kifuani hutia udhu wake kama kawaida: uso, mikono, kichwa na miguu. Ajihadhari tu maji yasichuruzike kifuani. Akishindwa kuinama, mwanawe au dada yake amuoshe viungo.

Damu au majimaji yanayotoka kwenye kidonda hayatengui udhu katika madhehebu ya Imamu Shafi, kwa sababu hayakutoka katika njia mbili. Damu hiyo ni najisi, lakini ya kidonda cha mtu mwenyewe husamehewa. Abadilishe bendeji kwa wakati aliopangiwa na daktari, wala asiifungue kwa ajili ya sala.

Kuguswa na daktari mwanamume ngozi kwa ngozi hutengua udhu katika madhehebu yetu. Akivaa glavu, udhu unabaki, kwa kuwa pana kizuizi.

Kuoga kwa wajibu

Hapa ndipo penye tatizo la kweli, kwa sababu madaktari hukataza kulowesha pale penye mirija. Mwenye janaba, au aliyetwaharika na hedhi au nifasi, ataosha sehemu zote zisizodhurika na maji, hata kwa kitambaa au mkono mpaka maji yapite juu ya ngozi. Juu ya bendeji atapangusa kwa mkono uliolowa. Kisha atatayamamu kwa ajili ya sehemu isiyofikiwa na maji. Anaweza pia kuanza na tayammum. Ikiingia faradhi nyengine atarejea tayammum tu, wala haogi tena. Daktari akisema hata kupangusa kunadhuru, aache, tayammum inamtosheleza. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine waliotosheka na kupangusa bila ya tayammum.

Ama kama sala hizo zitarejewa baadaye, jibu linategemea bendeji ilifungwa akiwa na twahara au la, na imefunika kiasi gani cha sehemu nzima. Kila mmoja amuulize sheikh wake kwa hali yake.

Sala

Imran bin Huswayn (R.A.) alikuwa mgonjwa, na Mtume (S.A.W.) akamuelekeza asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Ameipokea Bukhari. Asiyeweza kusujudu kwa maumivu ya kifua ataashiria kwa kichwa, na sijda ataiinamia zaidi kuliko rukuu.

Kila mara moja ya tiba ni fupi, na baina ya mbili pana saa nyingi, kwa hiyo mara nyingi kila sala itapata wakati wake. Ikimuelemea, Imamu Nawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu kukusanya sala kwa maradhi, naye anaweza kuifuata. Aliyesafiri, kwa mfano India, akijua atakaa hapo zaidi ya siku nne, husali kamili katika madhehebu ya Shafi tangu afike.

Saumu

Kinachoingia ndani ya nyama ya titi hakifunguzi, kwa sababu hakikufika tumboni wala kwenye uwazi wa mwili unaozingatiwa. Lakini tiba hii huchosha. Akidhoofika, au daktari akimzuia, atafungua na kulipa akipona. Ruhusa ni ya Mola wake, si upungufu wa imani.

Sitara

Afadhali atibiwe na mwanamke. Asipopatikana, inajuzu mwanamume kwa kadiri ya haja: kifunuliwe kinachotibiwa tu, na awepo mume, maharimu au mwanamke muaminifu. Mionzi inapotolewa, wote hutoka na mgonjwa hubaki peke yake, akitazamwa kwa kamera. Aombe shuka ya kujifunika panapobaki. Ni haki yake.

Neno kwa waume na jamaa

Mume asihame chumba, wala mawifi wasimtengee kikombe. Kisomo na dua vifanywe, na tarehe ya hospitali isikosekane: Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na kukatiza mionzi katikati ni hatari. Na asiambiwe mgonjwa kwamba anaadhibiwa. Nabii Ayyub (A.S.) aliugua, naye ni kipenzi cha Allah.

Ama mama aliyeacha sala siku tano: hizo ni sala 25. Azilipe kidogo kidogo kwa kadiri ya nguvu zake, hata kwa kukaa, na tunataraji kwa Allah msamaha kwa alilolifanya bila ya kujua. Na yule mwengine ampakate mjukuu wake leo.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Wallahu a'lam.