Nani Aliruhusiwa Kugusa Mashine?

Wasee, leo tuongee maziwa ya pakiti. Si bei, bei tunaijua. Naongelea yule msee anayesimama kiwandani macho kwa kipimo cha joto. Maziwa fresh yanapashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15. Joto likishuka, kuna valvu inayarudisha nyuma yapashwe upya. Kazi ikiisha, mabomba yanaoshwa bila kufunguliwa: maji, kisha kostiki soda ya kutoa mafuta, maji tena, halafu asidi ya kutoa ule ukoko mweupe wa madini. Ukikosea hapo, nyumba ngapi zitaamka tumbo zikiuma? Hii kazi huwezi kuijulia YouTube. Lazima mtu akusimamie, ushike, ukosolewe, ushike tena.

Sasa, Kenya hii nani aliruhusiwa kushika?

KCC ilianza 1925, mali ya masetla. Mwaka mmoja kabla yake, serikali ya kikoloni ilikuwa imefungua Native Industrial Training Depot pale Kabete. Vijana Waafrika wakafunzwa useremala, uashi, uhunzi. Iangalie hiyo orodha vizuri: kumjengea mtu mwingine nyumba na kumtengenezea meza. Usimamizi ulikuwa wa Wazungu, ufundi mwingi ukaenda kwa Wahindi, na Mwafrika akabaki na kazi ya mabega na mshahara wa kuchekesha. Si ati hakuwa na akili ya mashine. Hakuruhusiwa kukaa karibu nayo muda wa kutosha.

Sheria ya mafunzo ya viwandani ilikuja ukoloni ukielekea kuisha, na bado tunaitumia, ingawa imefanyiwa marekebisho. Wengi wetu hatujawahi kuisoma. Inasema mwanagenzi ni mtu mwenye mkataba wa maandishi, wa miaka isiyopungua minne, na mwajiri naye amefungwa na mkataba huohuo kumfundisha, nadharia na vitendo. Amefungwa, wasee! Si kwa hisani yake. Marekebisho ya 2011 yakaleta NITA, na waajiri wanatozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi ili mafunzo yagharamiwe. Mwajiri anayefunza watu vizuri anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama.

Kwa hivyo pesa iko na sheria iko. Lakini beste yangu alienda atachi kwa kiwanda kimoja cha juisi, miezi mitatu, na kitu alichoshika sana ni mopu. Paneli aliiona kwa mbali, kama picha ya ukutani. Mwishowe akapewa barua imeandikwa amepata “ujuzi wa uzalishaji”. Mimi naona huyo jamaa na kijana wa 1925 wangeelewana haraka sana.

Na kabla mzazi aseme ni kwa sababu hana digrii: kuna mitihani ya ufundi ya NITA, daraja la tatu, la pili, la kwanza. Aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya. Ila mtihani unauliza mikono yako inajua nini, na mopu haina daraja.

Ukiitwa kiwandani wiki ijayo, uliza kabla ya kusaini: huu mkataba ni wa miaka mingapi, na jina la atakayenifunza limeandikwa wapi?